Nimetoka Makumbusho ya Majimaji, Songea. Walionyongwa wana majina, je waliokufa kwa njaa?

MjukuuWaLizaboni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma shukeni moja kwa moja chini, mtawakuta wenzenu wanabishana.

Mimi nimekulia Dar ila kwetu ni Songea, Lizaboni. Mwezi wa pili nilipata ruhusa ya wiki moja kazini, nikawachukua wanangu wawili tukapanda basi kwenda kumsalimia mjomba, ndugu wa mama, maana umri umekwenda. Hata sijashusha begi akaniuliza: "Hawa watoto umeshawapeleka Mahenge?" Kwa msiojua, si Mahenge ya Ulanga. Ni mtaa wa Songea mjini, pale yalipo Makumbusho ya Majimaji. Nikaona haya. Mara ya mwisho nilikwenda na shule, darasa la tano, na ninachokumbuka ni mihogo ya kukaanga tuliyonunua njiani.

Basi kesho yake tukaenda wanne, mjomba na mkongojo wake mbele.

Pale nje kuna mnara na sanamu za manduna (wakuu wa vita) wa Kingoni, halafu makaburi. Makaburi ndiyo yanayokukata maini. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Vita vya Majimaji hapo, wakawafukia katika shimo moja. Hesabu inayosomwa kila mwaka kwenye kumbukumbu ni mashujaa 67. Pembeni kuna kaburi la peke yake, la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Yeye hakunyongwa siku ile. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza kwa sababu watu walimsikiliza, akakataa kuishi wakati wenzake wako shimoni. Wakamnyonga siku chache baadaye. Na kaburi lile lina kiwiliwili tu. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Ndani kuna mikuki, ngao, marungu na picha za zamani. Watoto walishangaa, hasa yule wa kiume, mpaka akakemewa kwa kutaka kushika.

Sasa lililonifanya nifungue uzi ni hili. Binti yangu ana miaka tisa, anajivunia kusoma. Akawa anasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, anajikwaa kwenye majina ya Kingoni, mjomba anamrekebisha. Alipomaliza akauliza: "Babu, wa kwetu yuko wapi?"

Mjomba akamwambia: "Wa kwetu hawapo hapa. Wa kwetu walikufa njaa."

Mtoto akauliza tena, hao wameandikwa wapi. Mjomba akatazama nje, akasema twendeni jua linakuwa kali.

Tangu nirudi Dar swali la yule mtoto halijanitoka. Vita vile vilikwenda kuanzia Julai 1905 hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikubali kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria waliokuja baadaye wamefika 250,000 mpaka 300,000. Wengi kabisa kati yao hawakufa kwa risasi wala kwa kamba. Walichomewa maghala, wakachukuliwa mifugo, mashamba yakateketezwa mbegu ikiwa bado haijaingia ardhini. Kuna ofisa mmoja, Wangenheim, aliyemwandikia gavana von Götzen kwamba kupigana peke yake hakutawamaliza hawa watu, njaa ndiyo itakayowapigisha magoti. Kwa hiyo njaa ilikuwa silaha, ilipangwa.

Sasa aliyeuawa kwa silaha ile, kumbukumbu yake iko wapi? Simlaumu mtu. Nauliza tu. Nawasilisha.

Kibogoyo2

Uzi tayari. Nimevuta kigoda.

DaktariWaMitumba

Mkuu, tuseme ukweli bila kupepesa. Babu zetu waliingizwa mjini. Mtu anakwambia kunywa maji haya risasi itageuka maji, nawe unakunywa, unakwenda kusimama mbele ya bombomu! Leo tunawacheka wanaonunua mafuta ya upako, tofauti iko wapi? Makumbusho yangeandika na hilo, watoto wajifunze.

Mzee wa Bombambili

Daktari, shikamoo hujanipa lakini nakujibu.

Maji yale yalikuwa dawa, na yalikuwa kiapo pia. Wewe unaona dawa tu. Kabla ya Kinjeketile Ngwale, aliyeanzisha maji yale kule Ngarambe, Mmatumbi na Mngoni walikuwa na biashara gani pamoja? Sisi Wangoni ndio tuliokuwa tunawateka wenzetu wa kusini hii yote. Babu zetu walitoka Afrika Kusini, wakapita Ufipa alikofia Zwangendaba, wakashuka mpaka hapa kwa mkuki. Hakuna kabila lililokuwa linatupenda. Sasa mtu aje na kibuyu cha maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama, awafanye watu wa zaidi ya makabila 20 waseme adui yetu ni mmoja. Hiyo si kazi ya mganga wa njaa. Kwetu maji yaliletwa na Omari Kinjala, na kuna manduna waliyakataa, tena kwa sauti. Watu walijadiliana, hawakumeza tu.

Na hasira ilikuwepo kabla ya maji. Kule Matumbi mtu alilazimishwa kwenda kwenye shamba la pamba la pamoja siku 28 kwa mwaka, na kodi juu yake. Walioanza kule Nandete waling'oa pamba. Hawakuanza kwa kuua mtu, walianza kwa kung'oa pamba.

Kuhusu bombomu: Agosti 30 1905 boma la Mahenge (hii sasa ndiyo ya Ulanga) lilivamiwa na maelfu ya Wapogoro na Wambunga. Walikufa mbele ya bunduki mbili za rashasha wimbi kwa wimbi. Kwa hiyo wengi walijua mapema kwamba risasi haigeuki maji. Vita vikaendelea karibu miaka miwili baada ya kujua. Fikiria hapo.

DaktariWaMitumba

Marahaba... samahani, shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye "baada ya kujua" umenikamata. Narudisha upako wangu mfukoni.

Kibogoyo2

😂😂 Daktari kapewa sindano.

BintLiwale

Mimi ni wa Liwale, huwa nasoma tu siandiki, ila leo ngoja niseme.

Mleta uzi, kwetu kumbukumbu ya njaa ipo, ila si mnara. Bibi yangu alikuwa akituona tunachagua chakula anasema, "Mngekuwa mmezaliwa na mama yangu mngekula ming'oko mbichi." Ming'oko ni mizizi ya porini, sasa hivi tunaiuza kama vitafunio, tunachemsha na chumvi, wageni wanaisifia. Yeye alikuwa haigusi. Hata harufu alikuwa hataki. Hakuzaliwa wakati wa vita, lakini alichukia chakula ambacho mama yake alinusurika nacho.

Halafu jambo la pili. Angalieni ramani ya kusini. Pale katikati penye kijani kitupu, pori la Selous ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, palikuwa na watu. Kulikuwa na vijiji, mashamba na njia za misafara. Vita vilipomaliza watu, msitu ukarudi, mbung'o wakarudi, tembo wakarudi. Miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ikawahamisha waliobaki, ikasema mahali hapa ni pa wanyama. Mtalii akipita na gari anaambiwa hii ni nyika ambayo haijaguswa na binadamu. Huwa nacheka kwa uchungu.

Na yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru aliyesimamishwa Berlin, alichimbwa kuanzia 1909. Waliobeba mifupa ile kichwani mpaka bandarini Lindi ni watu wa eneo lililotoka kuchomwa miaka michache nyuma. Mtu asiye na ghala atakataa kibarua gani?

MjukuuWaLizaboni

Dada, ya ming'oko imenigusa kweli. Asante kwa kuandika.

PoriTengefu

Napingana na mleta uzi, kwa heshima lakini.

Makumbusho si sensa. Pale Songea tunawaenzi waliochukua silaha. Ukianza kuchanganya na kila aliyekufa wakati ule, shujaa atakuwa nani? Anayekwenda vitani kwa hiari yake na anayekutwa na balaa nyumbani wote tunawalilia, lakini hatuwasimamishi mnara mmoja. Hata Mei Mosi na Siku ya Mashujaa ni sikukuu mbili tofauti. Tukifanya kila mtu shujaa, yale majina 67 yatamezwa.

Tena kati yao kuna Nduna Mkomanile wa Kitanda, mwanamke. Huyo watoto wengi wa shule hawamjui hata kwa jina. Tumalize kwanza kuwatendea haki waliopo ukutani ndipo tuongeze.

Mzee wa Bombambili

Kwa Mkomanile uko sahihi kabisa, kijana. Yeye ndiye aliyempokea Kinjala, kwa hiyo mlango wa vita Ungoni ulifunguliwa na mwanamke. Anastahili zaidi ya mstari mmoja.

Lakini hapo kwenye kuchukua silaha nina neno. Wapiganaji wale walikula nini? Wakati chifu Chabruma wa Mshope anahamahama maporini mpaka akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, nani alikuwa anamlisha? Wanawake waliotwanga usiku bila kuwasha moto ili moshi usionekane, wakapeleka unga porini, wakirudi wanakuta nyumba imechomwa kwa sababu hiyo hiyo. Mjerumani alijua. Ndiyo maana alichoma ghala badala ya kumfukuza mpiganaji. Kwake yeye ghala lilikuwa sehemu ya jeshi. Sasa kama adui alimhesabu mama yule kuwa ni jeshi, mimi namtoaje?

PoriTengefu

Mzee hapo ngoja nikafikirie. Sijakubali, lakini ngoja.

Mhaya_wa_Muleba

Wakuu wa kusini, salamu kutoka Kagera. Kwetu tuna makaburi ya mashujaa pale Kaboya, askari zaidi ya 600 wa JWTZ waliokufa katika vita vya Kagera. Amin alivamia Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Makaburi yamepangwa kwa mistari, yamepakwa chokaa, kila mwaka tarehe 25 Julai viongozi wanaweka mkuki na ngao. Pazuri, pametulia.

Ila ukitoka Kaboya ukafika Kyaka, karibu na lile daraja lililolipuliwa, kuna gofu la kanisa. Limeachwa kama lilivyo, na matundu yake. Mimi kila nikipita na wageni naona wanakaa pale muda mrefu kuliko makaburini. Raia waliochinjwa kati ya mto na mpaka hawana mstari wa makaburi, gofu lile ndilo limebaki kuwa lao. Hakuna aliyelitangaza hivyo. Limekuwa tu.

Kwa hiyo mleta uzi, huenda hamhitaji mnara wa pili. Tafuteni kitu ambacho njaa ilikiacha.

Kibogoyo2

Huyu Mhaya leo hajataja ndizi wala elimu yake hata mara moja, ujue mada nzito.

Mhaya_wa_Muleba

Nilikuwa nakuja huko 😂

AskariKanzu_Mstaafu

Niingie kwa mlango ambao hakuna aliyeugusa.

Baba wa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Nimesema. Kwetu Tabora hili si siri lakini pia si jambo la kusema kwenye harusi. Alikuja kusini na kikosi, akarudi na mke ambaye hakuna aliyeuliza alipatikanaje. Sisi ni uzao wa mke huyo. Kwa hiyo mimi katika makumbusho yenu nina damu pande zote mbili za kamba.

Hizi takwimu mnazotaja nimezisoma sana. Taarifa ya Wajerumani inasema upande wao walikufa Wazungu 15 na wapiganaji Waafrika 389. Oneni: kumi na tano, mia tatu themanini na tisa. Mmoja mmoja. Upande wa pili ni "yapata 75,000". Yaani mtu wao ana namba kamili, mtu wenu anakadiriwa kama gunia la mpunga.

Na hata sisi uzao wa askari tusidhani tulipendwa. Nendeni Posta, Dar, pale Sanamu ya Askari. Mwingereza aliiweka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ile ambayo wapagazi wake waliachia Kariakoo jina. Chini yake kuna maneno kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Maneno mazuri. Sasa izungukeni sanamu nzima mnitafutie jina la askari mmoja aliyekufa. Mmoja tu.

Kwa hiyo ninyi wa Songea mna bahati. Majina mnayo.

MjukuuWaLizaboni

Mkuu AskariKanzu, nimekaa na posti yako nusu saa. Kwanza asante kwa kusema, najua si rahisi.

Pili umenifungua macho. Nilikuwa najiuliza kwa nini hawa wana majina na wale hawana, nikidhani ni uamuzi wa waliojenga makumbusho. Kumbe jibu liko nyuma zaidi. Walionyongwa walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na mahakama huandika. Kabla ya kunyongwa padri Mbenediktini aliwafuata gerezani akabatiza wengi wao, na padri naye huandika, anayebatizwa lazima awe na jina kitabuni. Kwa hiyo sehemu ya majina yale tumeyapata kwa sababu mnyongaji na padri walikuwa na kalamu. Aliyekufia porini na mtoto mgongoni hakupita mbele ya kalamu ya mtu yeyote.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokiona kipindi kile au waliosimuliwa na wazazi wao. Ilikuwa dakika ya mwisho kabisa, mtoto wa miaka kumi wa 1905 alikuwa na zaidi ya sabini. Walipata mengi kuhusu maji, Wajerumani, mapigano. Najiuliza kama kuna aliyewauliza wazee wale, "Kwenu alikufa nani kwa njaa, taja."

Kibogoyo2

Mleta uzi umesahau la muhimu: kichwa cha Songea kimerudi?

BintLiwale

Novemba 1 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda pale Songea mwenyewe. Aliinama mbele ya kaburi, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba radhi kwa niaba ya Wajerumani. Akaahidi watasaidia kukitafuta. Sasa kukitafuta ndiyo shughuli. Mafuvu ya Afrika Mashariki yaliyoko Berlin ni mengi na mengi hayana kibandiko cha jina, ni kisanduku na namba. Kwa Wachaga mwaka huo huo vipimo vya vinasaba viliwakutanisha na ndugu yao, fuvu la mshauri wa Mangi (chifu) Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Mangi Meli mwenyewe hawajampata.

DaktariWaMitumba

Kwa hiyo hata yeye, Nduna mwenye mji, huko aliko ni namba.

AskariKanzu_Mstaafu

Ndiyo hivyo.

Mgeni_Mwema

Samahani nawakatisha. Nina safari ya Songea mwishoni mwa Februari, nifike lini nisikose shughuli?

Mzee wa Bombambili

Njoo kabla ya tarehe 27, siku mbili tatu hivi, ukute ngoma. Lizombe ikipigwa utasahau kama ulikuja kwa huzuni. Beba sweta au koti la mvua, Songea si Dar. Wazee wa baraza wakiwa wamekaa, waamkie kwanza kabla hujatoa simu kupiga picha, utaelezwa mambo ambayo hayamo kwenye vibao. Na ukipata nafasi panda Chandamali, kwenye mapango ambayo Nduna Songea alikuwa akijificha. Kuna mawe, vaa viatu vya maana.

Ukibaki na muda, huku kwetu Bombambili tuna makumbusho ya Mzee Kawawa. Na kama kuna mechi Uwanja wa Majimaji ingia, ingawa Wanalizombe wetu wa siku hizi... bora ninyamaze. Timu ilichukua ubingwa wa Muungano, leo tunasimulia tu.

Kibogoyo2

Mzee umemaliza kwa msiba mwingine kabisa.

PoriTengefu

Nimerudi. Nimempigia mama simu nikamuuliza. Kwetu Namtumbo. Ameniambia baba yake alikuwa akimwaga unga kidogo chini kabla ya kula, kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, na hakuwahi kueleza. Walidhani ni tambiko la Kingoni. Mama anasema leo ndiyo anawaza kwamba mvua za kwanza ni wakati wa kupanda, na mwaka ule mbegu hazikuwepo.

Sijabadili msimamo kuhusu mnara. Lakini nimeona niwaambie.

Mzee wa Bombambili

Umefanya vizuri, mwanangu.

MjukuuWaLizaboni

Wakuu, mrejesho.

Nimempigia mjomba jana usiku. Nikamwambia achana na mnara, achana na makumbusho, nitajie wa kwetu. Akakaa kimya nikadhani simu imekatika. Halafu akasema mama yake alimtajia watatu, akinishangaa kwa nini sikuuliza tukiwa pale pale Songea. Nikachukua daftari la binti yangu la hesabu, nikamwekea simu sauti kubwa ili naye asikie, yeye ndiye aliyeandika.

Wawili tumepata majina. Wa tatu mjomba hana jina lake, anajua tu kwamba alikuwa wa kike, alikuwa ameanza kutambaa, na walimwacha chini ya mti upande wa huku wa mto Ruvuma.

Binti akaandika "1. 2. 3." Mbele ya tatu ameacha nafasi. Nilipotaka kujaza "mtoto" akanizuia mkono, akasema tumpigie bibi wa Peramiho kwanza, huenda yeye anajua.

Tunampigia Jumapili, akitoka misa.